Meza ya gozi: kazi tuliyoachiwa na masista wauguzi

Ukipita nyuma ya chumba cha upasuaji katika hospitali ya misheni ya mlimani, mnamo saa tisa alasiri, utakuta meza ndefu ya mbao imetandikwa shuka safi na watu watatu au wanne wanakunja gozi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda na kufyonza damu. Mkasi uko kulia, rula katikati, na kikapu cha vipande vilivyokamilika kimefunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Hii ndiyo kazi ambayo sista muuguzi alimpa mwanafunzi kabla hajamruhusu kumgusa mgonjwa. Wengi wetu tuliofunzwa uuguzi huku Moshi tulianzia hapo.

Watu wakizungumzia walichoacha masista hutaja majengo: Kibosho, Kilema, Huruma kule Rombo, St. Joseph hapa mjini. Majengo yapo, na hadi leo yanatibu watu. Lakini jengo likichakaa hupakwa rangi, paa likivuja hubadilishwa bati. Kigumu kurudisha kikishapotea ni namna ya kufanya kazi, ile iliyopita kutoka mkono hadi mkono pamoja na sababu yake. Mahali tulipoona kazi yao ikiharibika, mara nyingi hatua zilikuwa bado zinafuatwa moja baada ya nyingine. Kilichokuwa kimesahaulika ni kwa nini.

Chukua hiyo gozi yenyewe. Rola la hospitali lina upana wa sentimeta 90 na urefu wa mita 91 hivi. Ukikata vipande vya sentimeta 22 na nusu kwa 40, upana unatoa vipande vinne bila kubakiza kitu, na rola zima linatoa vipande 900 na kidogo. Kingo zilizokatwa zinaingizwa ndani kwanza, kama sentimeta moja kila upande, ndipo kipande kinakunjwa hadi kibaki mraba wa sentimeta 10 wenye tabaka nane. Anayeharakisha hukunja moja kwa moja akaacha kingo nje, na kwa macho kipande kinaonekana sawa kabisa. Tatizo ni nyuzi. Uzi mmoja ukibaki ndani ya kidonda mwili unauona mgeni. Kidonda kinafunga juu, chini kinaendelea kutunga usaha, na mgonjwa anarudi baada ya wiki tatu akisema mshono ulipona ila kuna maumivu. Mwanafunzi akielewa hilo, hutamwambia tena akunje vizuri. Asipoelewa, atakunja vizuri siku ambayo sista yupo.

Kisha kuna hesabu. Vipande vinafungwa vitano vitano, siku zote. Ukifungua kifurushi chumba cha upasuaji ukakuta vinne au sita, hakijazwi wala hakipunguzwi: kifurushi kizima kinatolewa nje. Gozi nyingi za kiwandani zinazotengenezwa kwa ajili ya upasuaji zina uzi maalumu unaoonekana kwenye picha ya eksirei, lakini ile iliyokunjwa mezani haina. Ikisahauliwa tumboni, hakuna mashine itakayoionyesha kwa urahisi. Hesabu ndiyo kinga yake, na hesabu inafanywa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo, na kabla ya kufunga ngozi, na watu wawili kwa sauti, wote wakiangalia kipande kinachohesabiwa. Mambo yanapoharibika huwa ni kwa njia mbili zilezile. Ya kwanza, mmoja anahesabu na mwenzake anaandika bila kutazama. Ya pili, daktari anaomba mkasi akate gozi katikati apate kipande kidogo. Hapo tano zimekuwa sita na hakuna aliyeandika. Masista walikataza gozi kukatwa ndani ya chumba cha upasuaji, na hawakumwogopa daktari yeyote katika hilo. Walikuwa sahihi.

Kutoka mezani gozi inaingia kwenye dramu, kopo la chuma lenye matundu ubavuni, na dramu inaingia kwenye otoklevu, ile mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo. Hapa ndipo tuchukue muda, kwa sababu kosa la hapa halionekani. Gozi ambayo haikuiva, yaani vijidudu vyake havikufa vyote, haina harufu wala rangi tofauti na iliyoiva.

Kanuni inayoandikwa ukutani ni nyuzi joto 121, kwa dakika 30 ikiwa vitu vimefungwa, dakika 20 ikiwa viko wazi. Kwenye mashine za zamani zenye mshale wa shinikizo, nyuzi 121 zinalingana na ratili 15 kwa inchi ya mraba. Hiyo ni kweli pwani. Sisi hatuishi pwani. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na misheni za mlimani Kilimanjaro ziko juu zaidi ya Moshi mjini. Huku hewa ya nje ni nyepesi, na mshale unapima tofauti kati ya ndani na nje tu. Kwa hiyo ukisimamisha mshale kwenye 15 ukiwa mita 1,400, ndani hujafika nyuzi 121. Unahitaji karibu 17. Masista wa zamani waliweka alama ya rangi nyekundu kwenye kioo cha kipimo, juu kidogo ya 15. Kuna mahali mashine ilibadilishwa, kioo kipya kikaja bila alama, na hakuna aliyejua kwa nini ile ya zamani iliwekwa. Jambo hilohilo liko jikoni: kwa mwinuko wa Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage yanachukua muda kuiva. Kwa hiyo kuchemsha vifaa kwenye sufuria hakuwezi kuchukua nafasi ya mvuke wenye shinikizo, huku kuliko hata pwani.

Kosa la pili ni hewa. Kabla ya kufunga koki ya juu, mvuke uachwe utoke mfululizo kwa dakika 5 hadi 10 mpaka uwe mweupe wa moja kwa moja, usiokatika. Hewa baridi ikibaki ndani inakaa chini kati ya vifurushi. Mshale utapanda vizuri, saa utaipiga vizuri, lakini katikati ya dramu kutakuwa na gozi vuguvugu tu. Dakika 30 zinahesabiwa kuanzia joto lilipofika, siyo kuanzia jiko lilipowashwa. Tumelazimika kulirudia hili kwa kila kundi la wanafunzi, kwa sababu mtu aliyechoka zamu ya usiku huhesabu kuanzia pale alipokumbuka kutazama saa.

Dramu isijazwe zaidi ya robo tatu, na vifurushi visimame kwa ubavu, visilazwe kama sahani, ili mvuke upite katikati yake. Matundu ya ubavuni yawe wazi inapoingia na yafungwe mara tu inapotoka. Likisahauliwa la kwanza, mvuke haukuingia kamwe. Likisahauliwa la pili, kila mtu anayepita anapumulia ndani. Na vifurushi vikitoka na unyevu havihesabiki kuwa safi, hata kama utepe uliobandikwa juu yake umebadilika rangi. Kitambaa chenye unyevu kinanyonya vijidudu kutoka mkononi na mezani. Achia dakika 30 za kukauka mfuniko ukiwa umelegezwa kidogo, ndipo utoe. Ule utepe wenye mistari unaogeuka mweusi unakwambia kifurushi kimepita kwenye joto. Haukwambii kwamba kimeiva.

Maji ya kutia kwenye mashine wengi wa masista walitumia ya mvua, yaliyokingwa kwenye tangi. Wageni walidhani ni ubahili. Sababu ni kwamba maji yenye madini mengi huacha ukoko mweupe ndani ya mtungi na kuziba vali, na vali ya usalama ikiziba ni hatari kwa anayesimama karibu.

Uaminifu kwa masista haumaanishi kushika kila kitu kama kilivyokuwa. Mfano ni ndoo ya klorini. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba vifaa vikitoka kwa mgonjwa vitumbukizwe kwanza kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ndipo vioshwe. Tuliichanganya kwa kipimo kimoja cha Jik ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, upya kila siku. Mchanganyiko huo bado ni mzuri kwa sakafu na kwa damu iliyomwagika. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unashauri vifaa visilowekwe kwenye klorini kabla ya kuoshwa: chuma kinaliwa na kutu, na damu inaimaliza nguvu klorini yenyewe, kwa hiyo ndoo uliyodhani ni kinga inakuwa supu. Vioshwe kwanza kwa maji, sabuni na brashi, vikiwa ndani ya maji ili visirushe matone, ndipo viende kwenye mvuke. Sista aliyetufundisha sababu angekuwa wa kwanza kubadilika. Aliyefundishwa hatua tu bila sababu ndiye anayegombana.

Ukali huu una historia yake. Masista wa Kikatoliki walianza kuhudumia wagonjwa katika pwani yetu mwaka 1860, Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion walipofika Zanzibar, na mwaka 1868 misheni ikaanzishwa Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipanda Kilimanjaro miaka ya 1890, wakaanza Kilema kisha Kibosho, na masista wa Damu Azizi wakafuata. Mwaka 1931 likaanzishwa shirika la masista wenyeji, Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro, mabinti wa huku huku waliozungumza na mgonjwa kwa lugha ya mama yake. Hilo la mwisho lilibadilisha kazi kuliko dawa yoyote, kwa maana mgonjwa wa kijijini hatamweleza mgeni kuhusu haja kubwa wala kutokwa damu.

Jambo ambalo wanafunzi hushangaa kulisikia ni kwamba sheria ya Kanisa iliwabana masista wenye nadhiri wasiwazalishe wajawazito, mpaka Februari 1936 Roma ilipotoa maelekezo mapya yaliyowaruhusu, na kuwahimiza, wasomee ukunga na udaktari. Mwaka uliofuata Mama Mary Martin, mwanamke wa Ireland, alianzisha Nigeria shirika la Wamisionari wa Tiba wa Maria, ambalo baadaye lilifanya kazi kubwa Singida na Dareda, na Arusha pia. Na kwenye vyuo vyetu Florence Nightingale, muuguzi wa Kiingereza, anafundishwa kana kwamba alikwenda kwenye vita vya Krimea peke yake. Kati ya wanawake 38 aliokwenda nao mwaka 1854, kumi walikuwa masista wa Kikatoliki, na baadhi yao walikuwa wazoefu wa kuuguza kabla ya kuingia melini.

Wodi ya wazazi ndiko ruhusa ile ya 1936 ilikozaa matunda mengi. Kinachoua mama haraka ni damu, na damu hudanganya macho. Mama akijifungua, kwa saa mbili za mwanzo mfuko wa uzazi unashikwa kwa mkono kila dakika 15: uwe mgumu kama chungwa, usiwe laini kama unga wa ngano. Damu inapimwa, haikadiriwi. Wakunga wa jadi kule Kigoma walifundishwa kipimo ambacho kila mwanamke anakielewa: kanga mbili zikiloa chapachapa, damu imefika nusu lita au zaidi, na hapo ni safari ya hospitali bila majadiliano. Muuguzi wa wodini ana beseni lenye vipimo na mizani ya kupimia pedi, lakini kanga mbili anazikumbuka hata umeme ukikatika. Kosa linalojirudia ni mama kulazwa vizuri, kufunikwa blanketi, kuachwa apumzike. Damu inakusanyika chini ya blanketi, na anayepita mlangoni anaona mtu amelala. Funua, tazama, shika.

Baada ya hapo mtori. Hospitali nyingi za masista hazikuwa na bajeti ya chakula cha wazazi. Zilikuwa na shamba la migomba, ng'ombe wawili watatu na jiko la kuni. Ndizi zilizopondwa na nyama na mchuzi ni chakula ambacho mama wa Kichagga aliyejifungua angepewa kwao, na alipokipata wodini alikula chote. Wataalamu wa lishe wana maelezo marefu zaidi, na ni sahihi. Sisi tuseme tu kwamba sahani iliyorudi tupu ilikuwa kipimo ambacho sista alikitazama kila siku kabla ya kutazama chati.

Kupokezana zamu kulifanyika kitandani kwa mgonjwa, hakukufanyika ofisini. Saa moja na nusu asubuhi, baada ya sala fupi, wa usiku na wa asubuhi wanapita pamoja kitanda hadi kitanda. Anayetoka anataja jina, siku ya ngapi, tatizo, kilichobadilika usiku, dawa iliyotolewa na iliyorukwa, majibu yanayosubiriwa. Anayeingia haitikii tu, anashika. Anatazama dripu imebaki mililita ngapi na anahesabu matone kwa saa yake mwenyewe. Lita moja kwa saa nane, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Shehena ikija yenye mpira wa matone 15, dripu hiyohiyo ni matone 31, na muuguzi anayekumbuka 42 kwa kichwa atakuwa anammiminia mgonjwa maji kwa kasi inayozidi kwa theluthi moja. Kwa mzee wa moyo hiyo ni pumzi kukata. Kwa hiyo tazama pakiti kila mara, hata kama umeshika kazi hiyo miaka ishirini. Mfuko wa mkojo nao unasomwa: mgonjwa wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, daktari aitwe, asisubiri mzunguko wa saa nne.

Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila saa mbili, na upande aliolala unaandikwa. Tulivyofundishwa, wakati wa kumgeuza ndio wakati wa kutazama ngozi ya kiuno, visigino na nyuma ya kichwa. Pakiwa na wekundu, ukaubonyeza kwa kidole na usififie, kidonda kimeshaanza chini ingawa juu ni pazima. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee wekundu unaosomwa vitabuni. Gusa uone kama pana joto au ugumu kuliko pembeni. Chati nyingi siku hizi zimejaa tiki za saa mbili mbili zilizopigwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, kwa dakika moja, mwisho wa zamu. Tunalisema kwa uchungu, kwa sababu kidonda cha kitandani kinachukua siku mbili kuingia na miezi kutoka.

Mgonjwa akifariki, kazi haijaisha. Macho yanafungwa, taya linashikiliwa kwa taulo iliyoviringishwa chini ya kidevu, viungo vinanyooshwa mapema kabla mwili haujakakamaa, jambo linaloanza saa mbili hadi nne baada ya kifo. Mipira na sindano zinatolewa, isipokuwa kifo kinachohitaji uchunguzi. Hapo kila kitu kinaachwa mahali pake. Mwili unaoshwa kwa maji vuguvugu, kana kwamba mtu anasikia. Jina linafungwa kwenye kifundo cha mguu na juu ya shuka. Mali zinaorodheshwa na watu wawili, na pete inaandikwa rangi yake, haiandikwi thamani yake: pete ya rangi ya njano, kwa sababu muuguzi hawezi kuapa kuwa ni dhahabu. Akiwa Mwislamu, muuguzi ananyoosha, anafunika, anaita ndugu. Kuosha ni kwa watu wake. Masista waliolelewa katika ibada yao wenyewe walilishika hili bila kuambiwa mara mbili, na ni sababu mojawapo ya Waislamu wa Moshi kupeleka wagonjwa wao misheni bila wasiwasi.

Sasa fedha, sehemu isiyosemwa sana. Kwa miongo mingi sista alifanya kazi ya muuguzi mmoja na nusu, na alichopokea kilikwenda kwenye shirika lake au kilikuwa posho ndogo. Alilala hatua mia kutoka wodini na aliitwa usiku bila malipo ya ziada. Huo ulikuwa mchango mkubwa kwa hospitali, na haukuandikwa kwenye hesabu popote. Sista anapozeeka akarudi nyumba ya shirika, hospitali inamwajiri mlei mwenye familia, na kwa haki kabisa anahitaji mshahara kamili, michango ya NSSF ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, likizo na nyumba. Ghafla vitabu vinaonyesha hasara, na bodi inasema uongozi wa walei umeshindwa. Haukushindwa. Gharama ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilibebwa na mwanamke mmoja kimya kimya. Kwa wanaokabidhiwa hospitali leo ushauri wetu ni huu: andikeni thamani ya kazi ya kila sista aliyepo, kwa mshahara wa soko, hata kama hamumlipi, na muiweke kwenye bajeti sasa, miaka mitano kabla hajastaafu.

Upande wa serikali, makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, pamoja na kuundwa kwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii mwaka huohuo, yaliimarisha ushirikiano tunaouona katika hospitali teule, ambako serikali husaidia ruzuku na watumishi. Inasaidia sana, lakini mtumishi wa serikali anaweza kuhamishwa, na ruzuku inaweza kuchelewa. Na sera ya msamaha kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano inamfanya mama aje akiamini ni bure, akute bili mahali ambapo hakuna mkataba wa kufidia. Hapo ndipo daftari la maskini lilipofanya kazi. Lilikuwa daftari la kawaida lenye safu nne: jina, kijiji, deni, na nani anayemfahamu. Safu ya nne ndiyo iliyolilinda lisigeuke mlango wa wajanja, kwa sababu katekista au balozi wa nyumba kumi aliulizwa kabla ya msamaha kutolewa. Wengine walilipa nusu baada ya kuvuna kahawa, wengine kwa mikungu ya ndizi. Kumzuia mgonjwa aliyepona wodini mpaka alipe, mbali na kumdhalilisha, ni hesabu mbovu: kitanda, chakula na shuka zake zinakula zaidi ya deni lenyewe ndani ya siku chache.

Dawa nazo zilikuwa na kadi, kila aina kadi yake, ikining'inia rafuni pale dawa ilipo. Iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, tarehe, sahihi. Inayokaribia kwisha muda inakaa mbele. Siku hizi kuna kompyuta, na tunaipenda, lakini umeme ukikatika au mtandao ukigoma watu hutoa dawa na kusema wataingiza baadaye. Baadaye haifiki, na mwisho wa mwezi agizo la Bohari ya Dawa linaandikwa kwa namba zisizo za kweli. Kadi ibaki rafuni. Mwishoni mwa zamu kompyuta isahihishwe kwa kadi, siyo kadi kwa kompyuta.

Namna ya kufundisha yote haya ilikuwa ileile kwa kila kazi: mwanafunzi anatazama mara tatu, anafanya mara tatu sista akiwa ameshika mikono nyuma, kisha anamfundisha mwanafunzi mwenzake mbele ya sista. Hatua ya tatu ndiyo iliyofichua nani ameelewa, maana anayefundishwa huuliza kwa nini. Leo wanafunzi ni wengi, wodi ni zilezile, na kitabu cha mazoezi kinataka sahihi za idadi fulani kabla ya mtihani. Wanapata sahihi baada ya kutazama. Tungeomba wakufunzi warudishe ile hatua ya tatu hata kwa kazi tano tu: gozi, otoklevu, dripu, kumgeuza mgonjwa, na mfuko wa uzazi.

Na kuna kabati la dawa kali, lenye pethidini na mofini, mlango ndani ya mlango. Kila mwisho wa zamu wauguzi wawili wanalifungua pamoja, wanahesabu chupa moja moja zikiwa mezani, wanalinganisha na daftari, chupa iliyovunjika inaonyeshwa vipande vyake, wote wawili wanatia sahihi. Kisha linafungwa. Ufunguo hautundikwi kwenye msumari wala hauachwi juu ya meza kwa dakika moja. Anayetoka anautoa mfukoni, anamwita mwenzake kwa jina, na anamwekea kiganjani.